Kilele Kilichotembea

Mwalimu wenu wa fizikia, Mwalimu Rhobi, alinikuta dukani pale Bomani nikinunua betri za redio. Akanisalimu, "Shikamoo, tata," yaani baba kwa Kikurya, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "Niandikie kuhusu kazi yako. Wanafunzi wangu wanadhani kiini cha atomu ni mchoro wa kitabuni."

Nikamwambia mimi niliishia kidato cha nne, watoto watanicheka.

"Watacheka, ndiyo. Wewe andika tu. Nitasahihisha mimi."

Basi naandika. Lakini jueni mapema kwamba nina neno langu na huyo mwalimu wenu. Nimelibeba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilimkosea, yeye akalipa, na mimi nikanyamaza. Tangu nirudi Nyamwaga nimejaribu kumwambia kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu tukaishia kuzungumzia mvua. Kwa kuwa ndiye atakayezishika karatasi hizi kwanza akiwa na kalamu yake nyekundu, nimeona neno lipitie hapa. Ninyi mtakuwa mashahidi.

Kwanza kazi yenyewe.

Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, aliniuliza nilipokuja likizo ya kwanza, "Mura, kijana, huko baridini unafanya nini hasa?" Nikasema natengeneza vitu vyembamba sana ili wenzangu wavipige. Akafikiri kidogo. "Vya kupigwa? Na wanaovipiga wanavikosa?" Nikasema wanavikosa karibu kila mara. Akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi. "Kumbe tumekusomesha ukatengeneze vitu vya kukoswa!"

Hakuwa amekosea. Nilikuwa mtengenezaji wa shabaha katika maabara yenye mashine kubwa ya kuongeza kasi ya chembe. Nchi ile naiacha bila jina, maana kosa nitakalolisimulia ni langu, si lao. Mashine ilirusha chembe ndogo ziitwazo deuteroni. Deuteroni ni protoni na nyutroni zilizoshikana mikono, basi. Zilirushwa kwenye utando mwembamba wa madini niliyoyaandaa mimi. Nyingi zilipita katikati kama mbuzi wanavyopita kwenye ua mbovu, bila kugusa kitu, kwa sababu atomu karibu yote ni uwazi. Chache sana zilipita ubavuni mwa kiini. Na hapo, kwa mguso mmoja wa haraka, nyutroni ilibaki ndani ya kiini na protoni ikaendelea na safari peke yake.

Mguso huo mmoja ndio wanaouita mmenyuko wa moja kwa moja. Kiini hakipati nafasi ya kuchemka wala kuchanganyikiwa. Mgeni anaingia, mwenzake anaondoka, kwisha.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Mmeona wazee wetu wanapokaa kwenye mtungi wa pombe na mirija yao mirefu? Kila mtu anakaa na rika lake. Mgeni akifika hakai popote panapompendeza. Anaulizwa rika lake, anaonyeshwa kiti chake. Hakuna kukaa nusu kwa baba na nusu kwa mwana. Kiini kiko hivyo hivyo. Nyutroni ikiingia, kuna viti vyake. Kuna cha chini, kuna cha juu yake, kuna kingine juu zaidi, na kati ya kiti na kiti hakuna pa kukaa. Hivyo viti ndivyo viwango vya nishati. Na sisi tuliokuwa nje tulijuaje mgeni kakaa wapi? Tulimpima yule aliyeondoka. Protoni ikitoka na nguvu nyingi, tulijua mwenzake kakaa kiti cha chini. Ikitoka imechoka, mwenzake kakaa juu. Tena kwa kutazama protoni zimetawanyika vipi kwa kila pembe, wasomi walijua hata yule aliyebaki anazungukaje humo ndani.

Katika picha ya kompyuta kila kiti kilionekana kama kilele, mlima mdogo uliosimama peke yake kwenye uwanda. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa nilisimama pale hadi chai ikapoa. Hakuna aliyewahi kuona kiini kwa macho, wala hataona. Lakini vile vilele vilisimama mahali pake, na ukirudia mwaka ujao vitasimama palepale. Chuma cha kule baridini na chuma cha duka la Sirari, viti ni vilevile. Jiwe mnalojikwaa mkienda shule huko Itiryo lina viti ndani yake, vimepangwa kabla ya babu wa babu zenu, na havijawahi kusogea hata kidogo. Sijui mtu anajuaje jambo hilo halafu analala usingizi wa kawaida. Mimi sikuweza kwa wiki nzima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, jina lake Hilde. Nilimwita Mama Hilde kwa heshima, kama tulivyolelewa. Siku ya tatu akaniuliza kwa ukali, "Mimi nimekuzaa lini?" Baada ya mwezi alianza kununa nisipomwita hivyo.

Somo lake la kwanza lilikuwa maneno mawili: "Usipumue."

Utando ulitengenezwa hivi. Unachukua kipande cha kioo, unakipaka sabuni maalum, unakiweka ndani ya chungu cha chuma kilichotolewa hewa yote. Unachoma kaboni kwa umeme mpaka igeuke mvuke na kutua juu ya kioo kama vumbi la masizi. Halafu juu yake unayeyusha madini yenyewe, nayo yanapanda mvuke na kutua vivyo hivyo. Kisha unakitosa kioo ndani ya bakuli la maji safi, polepole, kikiwa kimeinama. Sabuni inaachia, na utando unaelea juu ya maji. Unaingiza fremu ya alumini chini yake, unaugusisha ukingo mmoja tu, unainua. Ukiharakisha, umepasuka. Ukipumua, umepasuka. Ukifikiria nyumbani, umepasuka.

Mama Hilde alipasua tando tano mbele yangu akinionyesha, akatukana kwa lugha yao. Mimi niliinua wa kwanza ukiwa mzima. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Umejifunza wapi?"

Kwa mama yangu. Maziwa yakichemka na kupoa yanafunga utando juu, na mimi kama kitinda mimba ndiye niliyepewa kuuinua kwa ncha ya kijiti bila kuukata. Ukikatika, anakula mwingine. Sijawahi kuwa na mtihani mgumu kuliko ule, na ndio uliokuja kunipa ajira.

Siku moja tulitengeneza utando wa dhahabu. Ninyi mnajua dhahabu inavyowakimbiza watu huku kwetu, wanavyochimba mashimo na kuvunjana vichwa. Mimi niliifanya nyembamba hivi kwamba ukiinua fremu mbele ya dirisha, mwanga unapita. Na haupiti ukiwa wa njano. Unapita ukiwa wa kijani, kama maji ya mto Mara penye kivuli. Niliinua, nikashusha, nikainua tena. Nikawaza, watu wa kwetu wamekufa kwa ajili ya kitu hiki na hakuna aliyewahi kukiona ndani.

Somo la pili la Mama Hilde lilikuwa daftari. Kila utando ulikuwa na ukurasa wake. Uliandika kioo gani, sabuni gani, maji kutoka chupa gani, fremu namba gani, nani aliushika, saa ngapi. "Andika hata chafya," alisema. "Wale wa juu wanaona kilele, hawaoni bakuli lako. Daftari ndiyo macho yao." Alipostaafu aliniachia chumba, funguo na lile daftari. Alinipa mkono, akasema neno moja tu: "Andika." Nadhani sasa mnaanza kuona tunakoelekea.

Rhobi alifika miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimezoea kuwa Mkurya pekee katika mji wote ule, ndipo siku moja nikasikia mtu nyuma yangu kwenye korido akijigonga kidole cha mguu na kulalamika kwa Kikurya safi. Nikageuka. Msichana mwembamba, koti kubwa kuliko yeye, ametoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kehancha, mama yake mtu wa Tarime. Amekuja kusomea shahada kubwa.

"Ninyi wa Kenya," nikamwambia, "mnaharakisha hata kutembea."

"Na ninyi wa Tanzania mnachelewa hata kukasirika," akajibu. "Shikamoo, tata."

Tangu siku ile alikuwa mwanangu. Jumapili alikuja kwangu kusonga ugali wa unga tuliotumiwa na ndugu, na kunieleza viti vya viini kwa namna ambayo maprofesa hawakuweza. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya viti vya marika niliyowaeleza juu. Mimi nimeiazima tu.

Kazi yake ilikuwa kwenye bati. Si haya mabati ya kuezekea, ni madini ya bati yenyewe, tena ya aina moja iliyochujwa kutoka kwa ndugu zake. Ilikuja poda kiasi cha kutosha ncha ya kisu ndani ya kichupa. Nyingine isingepatikana kwa miezi mingi. Naye alikuwa amepewa siku tatu tu za mashine.

Hapa ndipo nilipokosea.

Mimi navuta ugoro. Kaka yangu alinitumia kutoka sokoni Tarime, uliosagwa na magadi kama inavyotakiwa, maana ugoro bila magadi ni vumbi. Chumbani mwa kazi sikuvuta hata siku moja; nilitoka nje, nikavuta, nikanawa, nikavaa glovu, nikarudi. Siku ile kulikuwa na theluji na niliona uvivu wa kwenda bombani. Nikavuta mlangoni, nikafuta vidole kwenye suruali, nikavaa glovu. Moja ilikuwa imepasuka ncha ya kidole. Utando wa bati ulikuwa tayari unaelea kwenye bakuli, mzuri, bila hata kunyanzi. Nikatia kidole kwenye maji.

Kwa nini? Kwa sababu mama yangu kabla ya kumnywesha ndama alitia kidole kwenye maji, na mimi nimefanya hivyo mbele ya kila bakuli maishani mwangu. Mama Hilde alinipiga kofi mkononi kwa tabia hiyo mara nyingi.

Niliona uzi wa rangi ya kahawia ukitoka kidoleni. Mwembamba kama unywele. Ulizunguka mara moja, ukayeyuka, maji yakawa meupe.

Poda ilikuwa imekwisha. Rhobi alikuwa ghorofa ya chini akisubiri. Nikajiambia, uzi tu huo. Nikainua utando ukiwa mzima, maji yakakauka juu yake. Nikafungua daftari, nikaandika: maji safi, chupa mpya, sabuni ya kawaida. Nikatia sahihi. Kila neno lilikuwa kweli. Lile moja lililokosekana ndilo lilikuwa uongo.

Mashine ikaharibika siku nzima kati ya zile tatu. Rhobi alipata kupima protoni kwa pembe nne tu, zote ndogo, karibu na njia ya chembe zilizorushwa. Lakini ndani yake alikuta kilele kidogo mahali ambapo hakuna aliyewahi kukikuta. Kiti kipya ndani ya bati! Alikuja mbio chumbani kwangu na karatasi.

"Tata, tazama! Hiki hapa. Hakuna mtu duniani aliyekiona kabla yangu."

Wenzake wakakiita kiti cha Rhobi. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Nami nilifurahi naye, nawaapia, sikuwaza ule uzi hata kidogo. Niliukumbuka wiki tatu baadaye, siku alipowaeleza wakubwa.

Chumba kilijaa. Mimi nilikaa nyuma kabisa pamoja na mafundi. Aliongea vizuri. Mwisho profesa mmoja mzee akainua mkono, akauliza kwa upole, "Mahali hapo ndipo ungeona pia kilele cha sodiamu, kama shabaha ingekuwa na uchafu wa sodiamu. Una hakika haina?"

Sodiamu, vijana wangu, ndiyo iliyomo ndani ya magadi.

Rhobi hakusita. Alisema, "Nimesoma daftari la Mzee Mwita. Halina sodiamu. Na daftari la Mzee Mwita naliamini kuliko macho yangu."

Watu wakageuka kunitazama, wengine wakitabasamu. Kikopo cha ugoro kilikuwa mfukoni mwangu, nakisikia kwenye paja. Ilinitosha kusimama. Maneno matatu yangetosha. Nilikaa. Nilitikisa kichwa kukubali.

Zimepita siku nyingi na bado ninakiona kile kichwa changu kikitikisika.

Walimpa siku nyingine za mashine baada ya miezi, utando uleule, safari hii kwa pembe kubwa. Nilikuwepo. Mjue hivi: ukimgonga dume la ng'ombe kwa bega, wewe ndiye unayerudi na nguvu zako zote, kwa kuwa hasogei. Ukimgonga ndama, anasukumwa, anaondoka na sehemu ya nguvu zako. Bati ni zito, ndilo dume. Sodiamu ni nyepesi, ndiye ndama. Kwa hiyo ukizidi kufungua pembe, vilele vya bati vinasogea kidogo sana, vyote kwa pamoja, kama kundi linalotembea pamoja. Kilele cha kitu chepesi kinachepuka haraka. Kwenye pembe ndogo hutambui. Ni kama ng'ombe wa jirani aliyeingia kundini kwako: wakisimama kunywa maji wote ni wako, wakianza kutembea unamjua.

Kile kilele kilitembea. Pembe baada ya pembe kiliwaacha wenzake, kikapita nyuma ya jirani yake, kikatokea upande wa pili. Rhobi alikaa mbele ya kompyuta akikifuata kwa macho. Nami nitawaambia jambo la aibu: katikati ya hofu yangu nilishangaa. Nilipata ule mshangao wa siku ya kwanza. Uzi kama unywele, uliotoka kidoleni mwangu na kuyeyuka, hakuna jicho lingeuona tena, na bado ulikuwa umesimama pale ukitembea kwa mwendo wake, usiokubali kuitwa bati. Mimi nilidanganya. Daftari lilidanganya. Magadi ya Tarime hayakudanganya.

Rhobi aliwaambia wote, "Shabaha ilikuwa chafu na mimi niliharakisha." Hakuuliza uchafu umetoka wapi. Muda wa ufadhili wake uliisha kabla hajapata poda nyingine. Aliondoka na shahada ndogo kuliko ile aliyoijia. Nilimsindikiza kituoni, nikambebea begi, nikamnunulia mkate. Treni ikaondoka na mimi bado natafuta pa kuanzia.

Akaolewa upande huu, akawa mwalimu. Mimi nilipostaafu nilirudi nikamkuta Tarime, anafundisha viti vya viini kwa chaki. Huwa napita nje ya darasa lake nikisingizia kwenda posta. Nilimsikia siku moja akiwaambia, "Usiamini kilele mpaka ukione kinatembea na wenzake." Niliegemea ukuta.

Mwalimu Rhobi, ulikuwa ugoro wangu. Niliuona ukiingia majini, nikainua utando, nikaandika nilichoandika. Siku ile uliponitaja mbele ya watu nilikuwa najua. Sina kisingizio.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nilimpelekea karatasi nyumbani kwake, nikakaa kibarazani akisoma. Alisoma zote bila kuinua kichwa, kalamu nyekundu mkononi. Alifika ukurasa wa mwisho, kuku wake wakitupitia miguuni. Kisha akarudi nyuma kurasa kadhaa, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, akanirudishia.

Nilikuwa nimeandika kwamba ile mara ya kwanza alipima pembe tano. Nilijua si tano. Niliongeza moja ili msije mkamwona mwalimu wenu kuwa mtu wa haraka. Alikuwa amekata "tano", akaandika "nne".

"Tata," akasema, "kosa lako umeliandika vizuri. La kwangu usiliguse."

Akainuka kuingia ndani kuchemsha chai, akasimama mlangoni bila kugeuka.

"Na Jumatatu uje darasani. Uje na kikopo cha ugoro."